Uji Mwepesi wa Mama Mwiko

Mtu akipika mahali pamoja miaka kumi na mmoja, watu husahau alivyoitwa alipokuja. Watoto wa shule walimwita Mama Mwiko, walimu wakaiga, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye faili ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mwepesi wa kucheka, aliyeacha shule darasa la tano kwa sababu, kama alivyopenda kusema mwenyewe, tumbo lake lilikuwa na sauti kubwa kuliko ya mwalimu.

Miaka mingi kazi yake ilikuwa chai ya walimu basi. Asubuhi, akiwa anapuliza moto, aliwaona watoto wakianguka mstarini, leo mmoja, kesho wawili, wakibebwa hadi kivulini na kupepewa kwa madaftari. Kwa hiyo ilipokuja amri kwamba kila shule ya umma lazima iwape wanafunzi kifungua kinywa kabla ya kengele ya kwanza, alikaa juu ya ndoo akalia, kisha akacheka, kisha akauliza sufuria kubwa iko wapi.

Amri ilikuja na masharti yake. Unga ulitolewa kwa kufuata rejista: jina moja, kikombe kimoja cha uji. Asiyeandikishwa asilishwe. Hilo halikumsumbua hata kidogo mpaka siku alipomwona binti wa darasa la tatu akinywa nusu, akificha kikombe ndani ya sweta, kisha akitoka ukumbini kwa hatua za mtu aliyebeba mayai. Akamfuata. Nyuma ya vyoo, juu ya jiwe, mdogo wake wa miaka mitatu alikuwa ameketi kimya, anasubiri zamu yake.

"Kesho mlete jikoni, mlango wa nyuma," alimwambia yule binti. "Na wewe cha kwako unywe chote, umenisikia?"

Watoto nao huambiana. Mwezi ulipoisha, wadogo wa mlango wa nyuma walikuwa kumi na mmoja. Wazazi wao walitoka alfajiri kwenda vibaruani au vibandani mwao, wakiamini dada mtu amemwacha mdogo kwa jirani. Jirani naye alikuwa ameshatoka.

Wadogo waliongezeka, unga haukuongezeka. Mama Mwiko akafanya wanachofanya wapishi wa watu wengi tangu zamani: akaongeza maji. Siku ya kwanza kata mbili. Siku ya kumi hakuhesabu tena. Alitaka kumwambia Mwalimu Mkuu, akafika hadi mlangoni mara mbili, mara zote mbili akageuka. Yule alikuwa mtu mwema, lakini mtu wa karatasi. Akijua, angelazimika kuwafukuza. Basi akajipa moyo kwamba maji kidogo hayamuumizi mtu.

Yaliumiza. Saa nne watoto walikuwa wanasinzia juu ya madawati kama zamani. Wakubwa wa darasa la saba walimtania dirishani: "Mama Mwiko, huu tunywe au tunawe?" Naye aliwajibu kwa mzaha, lakini hakucheka nao. Habari ikafika nyumbani, huko ikatiwa chumvi, ikarudi shuleni ikiwa imenona: mpishi anauza unga wa watoto wetu.

Kikao cha wazazi kikaitwa. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Aliyewaka kuliko wote alikuwa fundi cherehani wa pale kona, mwanamke mkali mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku za mapumziko. Alisema mwanawe anarudi nyumbani miguu inatetemeka. Alisema mwangalieni mwenyewe, jamani, uji mwembamba, mpishi mnene. Watu wakaangua kicheko.

Mama Mwiko alikuwa akimtazama. Kitinda mimba wa fundi huyo, mwenye kovu kwenye nyusi, alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amelamba kikombe mpaka puani. Neno moja lingemsafisha mpishi mbele ya watu wote. Na neno hilohilo lingefunga mlango wa nyuma.

"Maji niliyazidisha mimi," alisema. "Kosa ni langu."

"Na unga umekwenda wapi?" aliuliza Mwalimu Mkuu, taratibu, kama anayemwomba ajitetee.

Mama Mwiko alirudi kukaa. Wakaamua kwamba Ijumaa watasema kama anabaki au anaondoka. Mpaka siku hiyo, mwalimu wa stoo angepima unga na maji kwa mkono wake, na ndani ya sufuria ukachorwa mstari. Mzazi mmoja angekuja kila asubuhi kushuhudia. Zamu ya kwanza aliichukua fundi.

Kesho yake mwalimu wa stoo alipima, akasimama kando na rejista yake. Uji ulikuwa mzito, unaanguka kutoka kwenye mwiko kwa kishindo. Fundi alichungulia sufuria, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ndipo mlango wa nyuma ukagongwa, chini kabisa, mahali pa mkono mfupi.

Mama Mwiko angeweza kujifanya hakusikia. Alifungua.

Wadogo waliingia wakiwa wameshika vikombe vyao. Mwenye kovu kwenye nyusi alimwona mama yake, uso ukamchanua. "Mama, na wewe umekuja kunywa?"

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Mwalimu," alisema Mama Mwiko, "ule unga mliokuwa mnautafuta, huu hapa."

Fundi aliuliza, sauti imemshuka, kwa nini jana hakusema, akamwacha amtukane mbele ya watu.

"Ningesema jana, dada yangu, leo wangekuta mlango umefungwa."

Mwalimu wa stoo alifungua rejista, akaipekua, akaifunga. Alisema hawa hawamo.

"Si uwaandike?" alisema fundi.

"Nikiwaandika, mama, lazima nipeleke juu. Wakikataa je? Itakuwa nimewataja mmoja mmoja, wafukuzwe kwa majina."

Kutoka ukumbini zilisikika kelele za wanafunzi wakigonga vikombe mezani. Fundi alimvuta mwanawe, akamsimamisha mbele ya mwalimu, mikono yake juu ya mabega ya mtoto. "Anza na wangu," alisema.

Mwalimu akatoa kalamu. Aliuliza jina, umri, mzazi. Wadogo walijibu kwa sauti za chini, macho kwenye sufuria. Mama Mwiko alikuwa amesimama na kata mkononi, ndoo ya maji miguuni, akiutazama ule mstari.

"Mwalimu, niongeze au nisiongeze?"

Mwalimu aliendelea kuandika. Alikuwa amefika jina la nne.