Kitambaa Cheupe cha Anaeli

Kituo chetu cha treni, chini ya Makumira, hakikuwa na mfanyakazi hata mmoja. Kulikuwa na kibanda cha mabati, benchi la zege, na nyasi zilizoota mpaka kwenye reli. Aliyetaka kusafiri alisimama kando ya njia akapunga kitambaa cheupe. Dereva akikiona, alisimama. Asipokiona, ulirudi nyumbani na ndizi zako.

Siku ile tulikuwa tunapeleka ndizi Moshi. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Rafiki yangu Anaeli aliniona nikipunga, akacheka.

"Unafukuza nzi? Dereva atadhani unamuaga tu."

Akaninyang'anya kitambaa, akakiinua kwa mikono miwili, akasimama wima karibu kabisa na reli. Treni ikapunguza mwendo.

"Umeona, bwana? Inamheshimu mwenye adabu."

Miezi michache baadaye treni hiyohiyo ilituchukua kwenda vita vya Kagera, sote mgambo, sote tuna miaka kumi na tisa.

Vita nilivyoviona mimi vilikuwa zaidi kutembea. Tulipita katikati ya migomba kama ya kwetu, wenyewe wamekimbia, mikungu imeiva mpaka inaozea mtini. Anaeli hakuweza kuvumilia. Kila tulipopumzika alikata mikungu iliyooza ili mgomba upumue, mpaka sajini akamkemea: "Umekuja kupigana au kulima?"

"Mwenyewe akirudi, afande, atakuta pamefagiliwa."

Asubuhi moja risasi ilinipata pajani. Kikosi kilikuwa kimetangulia. Anaeli akabaki nami mtaroni, kando ya barabara, akinifunga jeraha kwa shati lake. Damu haikukoma.

Tukasikia lori.

"Ni letu," nikasema. "Nenda ukalisimamishe."

Akatoa kitambaa cheupe mfukoni.

Askari hutoka mafichoni ameinama, bunduki mkononi. Anaeli alitoka kama abiria. Bunduki mgongoni, mikono miwili juu, wima, ukingoni kabisa mwa barabara.

Lori likapunguza mwendo.

Halikuwa letu.

Walimpiga risasi kutoka juu ya lori na wakaendelea na safari. Wenzetu waliniokota mchana.

Niliporudi nyumbani nilishuka kituoni peke yangu, na mkongojo. Mama yake Anaeli alikuwa kwenye benchi. Barua ya jeshi ilimwambia mwanawe amekufa, haikumwambia alikufaje. Kwa hiyo alikuja kila treni ilipopita, kuningoja mimi, na ndizi za kuchemsha ndani ya jani la mgomba, maana anayetoka safari hapokewi mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ilikuwaje?"

Njia nzima nilikuwa nimetunga uongo mzuri. Ukaniishia pale pale. Nikamweleza lori, kitambaa, na kwamba mimi ndiye niliyemtuma.

Aliitazama treni mpaka ikapotea machoni.

"Angeumia yeye, wewe ukawa mzima, ungetoka kulisimamisha lori?"

"Ningetoka, mama."

"Basi kula." Akalifungua jani.

Nilikula zote, kwa kuwa alikuwa akinitazama. Kisha akainuka, akashika njia ya kwake. Hakunikaribisha, wala hakunikataza kufika.

Sasa ninaishi Lemara na wajukuu. Yule mama alishatangulia mbele za haki, ameshika jibu langu. Nililitoa haraka, kama mtu mwenye hakika. Mpaka leo sijui kama ningetoka.