Jiko la Inchi Thelathini na Moja

Mume wangu wanamwita Timazi, kama kile chuma ambacho mafundi hukining'iniza kwenye uzi kuangalia kama ukuta umenyooka. Jina limemkaa. Ni mwembamba, hana maneno, na ukimsukuma anarudi palepale. Ni fundi wa nyumba za familia, zile za chini zisizo na ngazi, na amejenga ishirini na mbili. Ya kwetu haimo. Kiwanja tunacho, mwaka wa tisa huu, kimeota majani mpaka mbuzi wa jirani wanakijua kuliko sisi. Kila nikiuliza, jibu ni moja: "Nikimaliza hii ya watu." Sisi tunapanga vyumba viwili, na mahali pangu pa kupikia ni kona ya korido, jiko la mafuta chini sakafuni, mimi nimeinama.

Hilo nililizoea. Niliyeshindwa kumzoea ni Nesi.

Nesi alikuwa mjane aliyestaafu hospitalini, mrefu, mwenye ile shingo ya kuvalia mikufu. Alitaka nyumba ya kuishi na binti zake wawili. Timazi alileta ramani yake nyumbani, akaitandaza juu ya meza yetu ya chakula, sisi tukala sahani zikiwa mapajani. Nesi anapenda jua la asubuhi jikoni. Nesi hataki mlango wa choo utazamane na sebule. Nesi ana vitabu, kwa hiyo korido lazima iongezwe futi moja. Mtu ambaye ukimuuliza siku yake ilikuwaje anasema "salama" na kugeukia ukutani, ghafla ana mazungumzo. Miaka kumi na saba nimeishi naye na hajawahi kuniuliza napenda jua la saa ngapi. Nilimeza chakula kama nameza misumari. Sina sababu ya kuupamba wivu wangu. Nilimwonea yule mwanamke wivu kwa kila mstari wa penseli.

Timazi ana utaratibu wake. Kabla ya kuchimba msingi anapiga vigingi, anavuta kamba, kisha anamwaga chokaa chini kufuata kuta zote, milango anaiacha wazi. Halafu anamwambia mwenye nyumba aingie aishi humo saa moja. Aamke, aende bafuni, apike, apokee wageni, yote hewani, naye anamfuata nyuma na daftari. Kosa la chokaa, anasema, unalifuta kwa mguu tu.

Siku ya Nesi kuishi kwenye chokaa, Timazi alisahau miwani yake. Sitadanganya, ilikuwa kwenye mkoba wangu tangu jana yake. Nilijipaka mafuta, nikavaa gauni la harusini, nikampelekea.

Nikawakuta chumbani. Najua, chumba chenyewe kilikuwa mistari minne ardhini, lakini chumbani ni chumbani. Nesi amesimama katikati, mikono kiunoni, na mume wangu anamuuliza kwa sauti ya upole ambayo nilidhani imekufa: "Unalala upande gani wa kitanda, Nesi?"

"Wa dirishani."

"Basi mlango utafungukia huku, usikupige mwanga usoni."

Akaandika. Mimi nalala upande wa ukutani kwa sababu ndio aliouacha. Nikaikata sebule yao moja kwa moja, nikaikanyaga chokaa makusudi. Mchanganya zege wake, mzee mmoja asiyejua kufunga mdomo, akainua kichwa.

"Shemeji, umebomoa ukuta."

"Utajengwa," nikamwambia.

Wao walikuwa wameshahamia jikoni. Huko Timazi alikuwa amepanga matofali kuonyesha meza ya jiko itafika wapi. Nesi akasimama mbele ya matofali hayo, akajifanya anakatakata kitu, akainama, akainuka ameshika kiuno.

"Fundi, hii iko chini mno, mgongo utanikatika. Na pa kukaushia vyombo mbona umeweka kulia? Mimi nasugua kwa mkono wa kulia, vyombo naviweka kushoto, kama watu wote."

Timazi akainamia daftari lake. Mzee wa zege akamjibia. "Majiko yake yote ndivyo yalivyo, mama. Inchi thelathini na moja, vyombo kulia. Wenye nyumba wanalalamika, anawabembeleza, wanazoea. Nyumba ishirini na mbili sasa."

Nilikuwa nimesimama pale na miwani mkononi, natafuta neno la kumchoma nalo. Nikayaegemea yale matofali. Yakanikaa. Viwiko vilitua bila mabega kupanda. Mkono wangu wa kushoto ukaanza wenyewe kusugua sufuria isiyokuwepo, wa kulia ukaitua pembeni, palepale pa kukaushia. Mimi natumia kushoto tangu utotoni. Walinichapa sana waubadilishe, wakachoka wao.

Nesi ndiye aliyeona kwanza. Alinitazama toka unyayo hadi utosini, kama anayepokea mgonjwa, akasema, "Kumbe jiko hili lina mwenyewe."

"Ulinipima lini?" nikamuuliza Timazi.

"Ulipokuwa unapika kwa mama, kabla hatujaoana." Akakuna sikio, macho kwenye kamba. "Niliogopa nitakisahau kipimo. Ndiyo nikawa nakitumia."

Mwanamke mwingine angelia kwa furaha. Nesi mwenyewe macho yalimlowa. Mimi nilianza kuhesabu. Mke wa mwenye duka la vifaa, anayejipulizia marashi hata akienda kutupa taka. Mwalimu wa hesabu. Yule wa nyumba ya kona, asiyeitikia salamu. Wote walikuwa wanapika jikoni kwangu, kwa urefu wangu, na kulalamika juu yake, wakati mimi nimeinama kwenye korido. Wivu wa mwanamke mmoja ukawa wa ishirini na wawili, na nilimchukia kila mmoja kwa zamu yake.

"Kwa hiyo mimi ni futi yako ya kupimia," nikasema. "Kila mtu umempimia, mimi sina hata tofali."

Nikampa miwani. Nikamwambia amwinulie Nesi jiko mpaka limfae Nesi, kipimo changu asimpe mtu tena, na kama Jumamosi haitamkuta kiwanjani kwetu na kamba, basi aombe kulala humuhumu kwenye chokaa. Nesi alicheka peke yake.

Jumamosi alikuja. Alifyeka majani, akapiga vigingi, akamwaga chokaa. Nikaitembea nyumba yangu chumba hadi chumba, naye nyuma na daftari akiniuliza kila kitu: jua, milango, wageni, pa kuvulia viatu. Nilijibu polepole, sikutaka iishe. Tulipofika jikoni alikuwa ameshapanga matofali. Hapo hakuuliza. Nilijua bila kuyagusa kwamba ni inchi thelathini na moja.

"Ongeza tano," nikasema.

"Hutafikia, mama watoto."

"Ongeza. Jiko la wanawake ishirini na wawili silitaki."

Akaenda kuchukua matofali mengine. Kisha akaongeza. Upande wa vyombo nilimwachia, maana mkono siwezi kuubadilisha.

Tulihamia mwaka uliofuata. Napika nimesimama juu ya kibao alichonipigia mwenyewe, bila mimi kumwomba. Siku alipokitengeneza alipiga magoti, akanivua viatu, akachora nyayo zangu kwenye mbao kwa penseli yake ya kazi, mmoja baada ya mwingine, kisha akachonga kwa kuzifuata. Binti yetu alijaribu kukipanda akateleza. Hakimkai mtu mwingine yeyote.