Msoma Mita Ajuaye Pa Kula

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Mita anapiga magoti kwenye ua wa nyuma wa mkahawa mmoja katikati ya jiji. Anafunua kifuniko cha chuma, anapangusa kioo kwa kidole gumba na kuandika tarakimu kwenye daftari lake. Kabla hajasimama, anatupa jicho pembeni. Anatazama mtaro, vitambaa vya kufutia vyombo vilivyoanikwa kwenye kamba, kisha sufuria zilizofunikwa mezani.

"Hapa pazuri," ananong'ona, halafu anasukuma lango dogo na kuendelea na safari yake.

Ana miaka arobaini na sita, na kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza akisoma mita za maji. Jina lake halisi analitumia mwajiri tu, siku ya mshahara. Kwa wafua nguo, wauza vitabu na wapishi wa mitaa thelathini anayoizunguka kila mwezi, yeye ni Mama Mita.

Mita nyingi za mikahawa ziko uani, hatua chache kutoka jikoni. Kwa hiyo anayaona ambayo mteja haonyeshwi. Anajua nani anaosha mchele mara tatu na nani hauoshi kabisa. Anajua mafuta ya jana yanakoishia.

"Mkahawa una wateja mia kwa siku, halafu mita haisogei," anasema kwa utulivu. "Jiulize mwenyewe hizo sahani zinaoshwa na nini."

Wabaya hawatangazi. Anasema hiyo si kazi aliyoajiriwa kuifanya, na kila mtu ana watoto wa kulisha. Wazuri ndio anaowataja, na kipimo chake kikuu hakihusiani na maji. "Nikimkuta mpishi anakula alichokipika yeye mwenyewe, nami nakaa."

Kwa miaka mingi ujuzi huo ulikuwa wa kumsaidia yeye na wenzake watatu wa ofisini, wapate chakula cha mchana kisafi kisichomaliza mshahara. Mwaka jana ndipo ulipogeuka kuwa jambo la kufa na kupona.

Mume wake, fundi wa lifti aliyestaafu, alikutwa na uvimbe kooni. Daktari aliagiza mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki saba mfululizo. Wanaishi chumba kimoja pembezoni mwa jiji, safari ya saa moja na nusu hadi hospitali. Asubuhi walitoka pamoja. Mume alibaki kwenye benchi la hospitali na mke akaenda kwenye mita zake, kwa kuwa mshahara wa nyumba nzima ulikuwa huo mmoja.

Wiki ya tatu koo likavimba na ulimi ukapoteza ladha. Fundi akaanza kukataa chakula.

"Watu husema mgonjwa haulizwi uji," anasema Mama Mita. "Wangu nilimuuliza, nikambembeleza, nikamnunia. Alikuwa anageuza uso kama mtoto."

Alijaribu kupika alfajiri na kumbebea kwenye hotpoti. Ikifika mchana, harufu tu ya kifuniko ilimchefua. Mkahawa wa hospitali ulikuwa na supu, lakini bakuli moja lingekula mshahara wake wa nusu siku, na juu yake yalielea mafuta.

Akaanza kuyatazama majiko ya uani kwa jicho jingine. Usafi peke yake haukutosha tena. Alitaka mpishi mwenye subira. Alimpata kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vitambaa, umbali wa dakika nane kutoka hospitali. Alikuwa mwanamke mnene mpole anayeitwa Shangazi na kila mtu, hata na waliomzidi umri.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Anameza vizuri zaidi cha moto au cha vuguvugu?"

Tangu siku hiyo, kila mchana Fundi alitembea polepole mpaka uchochoroni, akaketi kwenye kiti cha pembeni na kuletewa bakuli lake. Vilikuwa viazi vilivyopondwa na kulainishwa kwa mchuzi wa kuku, bila pilipili, chumvi ya kuhesabu. Bei yake ilikuwa robo ya ile ya hospitali. Alichukua karibu saa nzima kulimaliza, na hakuna aliyemwambia apishe wateja.

Uzito wake, uliokuwa umeporomoka kutoka kilo sabini na moja hadi sitini na tano, ukatulia.

Kisha Jumatatu moja akakuta uchochoro umezibwa kwa mabati. Mwenye jengo alikuwa ameanza kubomoa. Mlango wa Shangazi ulikuwa umeng'olewa na kulazwa juu ya kifusi. Mshona viatu wa pale kona, ambaye angeweza kuulizwa, naye hakuwepo. Fundi alisimama akitazama, halafu akarudi kwenye benchi bila kula.

"Namba yake ya simu sikuwa nayo," anasema Mama Mita. "Nani anachukua namba ya mtu anayemwona kila siku?"

Siku kumi zilizofuata hataki kuzizungumzia sana. Aliuliza kila ua alioingia. Alimpeleka mumewe kwenye mikahawa mitano aliyoiamini. Chakula kilikuwa safi, lakini kimoja kikali, kingine kikavu, kingine kililetwa na kijana aliyesimama kando akisubiri sahani. Fundi alimeza vijiko viwili vitatu kwa ajili ya mkewe, akaweka kijiko chini.

Siku ya tisa mizani ilisoma kilo sitini na mbili. Muuguzi wa zamu alimvuta Mama Mita pembeni.

"Mama, sikufichi. Akishuka tena, daktari atasimamisha mionzi na kumwekea mpira wa kulishia puani. Na mionzi ikikatwa katikati, ule uvimbe unapata nafasi."

"Mpaka lini?"

"Ijumaa tunampima tena."

Kesho yake, Jumatano, zamu yake ilikuwa mtaa wa mafundi cherehani. Kuna nyumba moja pale iliyokuwa imefungwa miaka miwili. Mita yake ilikuwa na tarakimu zilezile kila mwezi, kiasi kwamba angeweza kuziandika akiwa amelala. Lakini Mama Mita hana mkono wa kuandika asichokiona. Alipiga magoti, akafunua kifuniko.

Kishale kilikuwa kinazunguka kwa kasi.

Wazo la kwanza lilikuwa bomba limepasuka. Akagonga lango, akagonga tena. Likafunguliwa na mwanamke mwenye mikono iliyolowa mpaka viwikoni.

Alikuwa Shangazi.

Shangazi ndiye aliyetangulia kusema. "Niliacha karatasi mlangoni. Wakaung'oa na mlango wenyewe." Halafu akauliza, "Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Hajala," Mama Mita akajibu. Na hapo, anakiri, machozi ambayo hakuyaacha yatoke mbele ya mumewe kwa siku kumi yakatoka yote.

Shangazi hakumpa pole ndefu. Alikuwa ndiyo kwanza anaosha vyombo ili afungue upya kesho yake, na jiko halikuwa na moto. Akauwasha. Baada ya dakika arobaini akamkabidhi bakuli lililofungwa kwa kitambaa.

Mama Mita alikuwa na mita ishirini na mbili ambazo bado hajazisoma. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne aliiacha njia yake, akatembea mbio mbio mpaka hospitali.

Fundi alitia kijiko mdomoni akafumba macho. Akameza. Akatia cha pili.

"Umempata," alisema.

"Umejuaje?"

"Ladha siisikii. Ila mkono naujua."

Alikula lote. Mama Mita alirudi kazini jua limeshageuka, akamaliza mita zake saa kumi na moja jioni, akaenda mwenyewe kwa msimamizi kueleza sababu ya kuchelewa. "Nilimwambia, mume wangu alikuwa anakula. Akauliza mahali penyewe ni wapi."

Ijumaa mizani ilisoma kilo sitini na mbili na nusu. Nusu kilo, anasema, na alitoka chumbani mle mwepesi kama aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Mionzi haikukatwa hata siku moja. Miezi mitatu baada ya kumaliza, daktari aliangalia picha mpya, akaziangalia tena, akawaambia uvimbe hauonekani. Vipimo vitaendelea, lakini kwa sasa waende nyumbani wakalale.

"Tulilala kweli," anasema Fundi, ambaye sauti yake imebaki na mikwaruzo. "Mpaka saa nne asubuhi. Jirani alikuja kugonga akidhani tumekufa." Leo ana kilo sitini na nane na ameanza kulalamika kwamba chakula hakina chumvi. Mkewe anasema hajawahi kufurahia malalamiko kama hayo.

Muuguzi yule alimwomba Mama Mita awaandikie wauguzaji wengine mahali pa kula. Akaandika saba kwenye karatasi moja, kila pahali na maelezo yake. Hapa wanapunguza mafuta ukiomba. Hapa hawakuharakishi. Hapa nenda kabla ya saa sita. Karatasi imebandikwa karibu na mizani na imeshachakaa kwa kuguswa.

"Mtu akimuuguza wake, yeye mwenyewe anasahau kula," anasema muuguzi. "Sasa nawatuma huko na wanarudi na rangi usoni."

Wiki ijayo Mama Mita anahamishiwa eneo jipya, ng'ambo ya reli, palipo na hospitali ya watoto. Mama mmoja mwenye mtoto aliyelazwa huko amepewa namba yake na muuguzi, na ameshampigia akiuliza atakula wapi. Mama Mita amemwomba asubiri wiki mbili, ayaone kwanza majiko yenyewe.

Fundi naye ametangaza kwamba siku ya kwanza atafuatana naye, amsaidie kubeba daftari.

"Daftari lina uzito gani?" anauliza mkewe, akifunga kamba za viatu. "Namjua huyu. Anafuata tumbo lake. Na alifuate tu."