Mashua Ambayo Kahigi Hakuichagua

Mume wangu, Gaudiosus Kahigi, alikuwa mtu asiyekalika naye. Simsemi kwa ubaya. Kigoda alichokalia hakikupata muda wa kushika joto. Alianza kupalilia migomba asubuhi, na kabla hajamaliza mstari wa pili jembe lilibaki limesimama ardhini peke yake, mwenyewe yuko njiani kwenda Omurushaka. Jioni alirudi mikono mitupu. Nikimwuliza alifuata nini, alinijibu, "Nilikuwa naangalia."

Kuangalia! Kiwanja cha nyumba yetu pale Kiruruma tulikiangalia miaka miwili, mimi nikiwa na mimba na kuishi kwa mama mkwe. Miche ya kahawa aliigeuzageuza mkononi, huu mizizi yake imepinda, ule majani yake si ya kuaminika, hadi mvua ikakatika na majirani wameshapanda. Kila mtu alisema ni vita vimemharibu. Mimi nilimjua kabla ya vita na ninaweza kuapa kwamba hata wakati ule alikuwa mchaguzi. Vita vilimwongezea kuhangaika tu.

Kazi yake ilikuwa kuchonga mitumbwi ya kukamulia ndizi. Si mitumbwi ya majini. Nasema ile inayolala nyuma ya nyumba, wanaume wakaingia na kukanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke, halafu rubisi ikaumuka humo humo. Mtumbwi wa namna hiyo ukivuja, pombe ya harusi inakwenda na udongo, na aliyeuchonga anatajwa jina lake mpaka anazeeka. Kwa hiyo Kahigi aligonga gogo kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akalinusa, akapitisha ukucha kutafuta ufa. Alikuwa na msimamo mmoja ambamo hakuna aliyeweza kumtoa: mtumbwi ni gogo moja. Kitu kilichoungwaungwa, kwake, kilikuwa chujio.

Na msimamo huo ndio uliomponza.

Mwaka wa arobaini na mbili aliandikishwa jeshi la Waingereza, KAR, pamoja na Projest, rafiki yake wa Nyakahanga waliyebatizwa naye siku moja. Projest alikuwa mtu wa kucheka, mwepesi wa kukubali. Waliwekwa bwalo moja, hema moja. Wakapelekwa ng'ambo mpaka kisiwa cha Seiloni, na kabla ya kuvushwa kwenda kupigana Burma wakapewa siku tatu za mapumziko ufukweni. Ndiyo mapumziko pekee waliyowahi kupewa. Wenyeji wa pale walikuwa wakiwapeleka askari kwa mashua hadi kisiwa kidogo kilicho mbele ya ghuba. Ukifika, unavaa miwani ya kioo na mpira, unatia uso majini, unaona chini kulivyo. Projest alinunua miwani siku ile ile ya kwanza. Akamwandikia mama yake kwamba ataona chini ya bahari na atakuja kumweleza.

Haya yote Kahigi alinieleza mara moja tu, mwaka tuliomzaa Jovitha wetu, huku akichonga na hanitazami.

"Mashua zilikuwa tatu," alisema. "Ya kwanza ya injini. Nikaona inatema mafuta, nikamwambia Projest tungoje. Ya pili ya gogo, nzuri, lakini nilipoigonga ikaitika vibaya upande wa nyuma. Ya tatu ilikuwa ya mbao zilizoshonwa. Mama Jovitha, zimeshonwa! Kwa kamba ya nazi, kama mkeka, hakuna msumari hata mmoja, na pembeni wameifungia gogo jingine kama mkongojo. Wenyewe wameketi ndani wanacheka, wananiita. Nikakataa kabisa."

Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Siku ya pili akarudia kuzigonga zote tatu, akauliza maswali kwa ishara za mikono, na Projest amekaa mchangani na miwani yake shingoni. Siku ya tatu Kahigi akasikia kwamba upande wa pili wa ghuba kuna mashua ya nne, ya gogo moja zima. Akataka waende wote. Projest akasema mguu umemteguka, atabaki hemani. Kahigi akaenda peke yake, mwendo wa asubuhi nzima, akakuta ile mashua imeoza kitako. Aliporudi jua limeshaanza kushuka. Projest alikuwa anachekacheka bila sababu, akamwambia, "Usijali ndugu yangu, bahari haiendi popote."

Kesho yake wakaondoka. Mwezi wa tatu baada ya hapo, huko Burma, Projest akauawa kwenye matope ya mto mmoja ambao Kahigi hakupenda kuutaja. Miwani yake ikakutwa kwenye mfuko wake, Kahigi akaichukua.

"Nilimnyima," aliniambia. "Alitaka kitu kimoja tu, nami nikamnyima kwa kugonga mbao."

Akarudi na miwani ile, akaitundika juu ya mlango wa chumba, na tangu hapo ikawa kero ya nyumba yangu. Alipaswa kuipeleka kwa mama yake Projest, bibi Kokwijuka, pale Nyakahanga, si mbali hata kidogo. Hakwenda. Akimwona yule mama gulioni anazunguka nyuma ya vibanda. Njia ya kwenda misheni inapita karibu na shamba lake, basi Kahigi akajitengenezea njia yake ya kupanda mlima, tukachelewa ibada kila Jumapili, mimi na mtoto mgongoni, viatu mkononi, namkasirikia mpaka nashindwa kuimba. Alichoogopa ni swali moja. Mama angemwuliza, "Mwanangu aliona?" naye angelazimika kujibu.

Karibu miaka minane! Nilimhurumia, lakini huruma nayo inachoka.

Mwaka wa hamsini na tatu nilikuwa kwenye foleni ya kupimisha kahawa, bibi Kokwijuka akanijia mwenyewe. Nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitikia, halafu akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mwambie mumeo, waitu, nataka kuiona ile miwani. Nimeshazeeka."

Siku hiyo sikumbembeleza Kahigi. Niliitoa miwani juu ya mlango, nikaifunga kwenye kanga, nikamwambia mimi naenda, akitaka anifuate, asipotaka akae aangalie. Alinifuata. Njia nzima alitangulia, akarudi nyuma, akasimama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka, akataka tupitie mlimani. Nikamshika mkono wa shati kama mtoto.

Bibi Kokwijuka alitukaribisha, akatupa kahawa za kutafuna. Aliishika miwani, akaupapasa mpira wake ambao ulikuwa umeshaanza kupasuka. Kahigi hakuweza kungoja swali. Aliinuka akasema yote akiwa amesimama: mashua tatu, ya nne iliyooza, siku tatu, na kwamba Projest alikufa hajaona kitu kwa sababu yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kulia.

Yule mama akainuka. Akaingia chumbani, akatoka na barua iliyokunjwa mpaka mikunjo imekatika, akanipa mimi. "Ulisoma misheni. Soma."

Nikasoma.

"Mama mpendwa, salamu nyingi. Mimi ni mzima. Leo nimeingia baharini. Usiogope, ni uso tu. Nimeona mawe yameota matawi, na samaki wa manjano kama ndizi mbivu wanapita mbele ya pua yangu, wala hawana habari na mimi. Nilipanda mashua ya kushonwa kwa kamba, ambayo Kahigi ameikataa. Haivuji hata tone. Kahigi bado anachagua. Nimemdanganya mguu unaniuma, maana nikimwambia atajisikia vibaya, unamjua alivyo. Nitamwambia mwenyewe tukifika nyumbani, tutacheka mpaka pombe itupalie. Wewe usimwambie."

"Alisema nisikwambie," bibi Kokwijuka alimwambia Kahigi. "Nikangoja uje, ndipo tuzungumze. Hukuja. Nikadhani unanikwepa kwa kuwa wewe ulirudi. Mimi nami nikakuchukia kidogo, Mungu anisamehe."

Kahigi akaniomba nirudie mahali pa mashua. Nikarudia. Akaomba tena. Nilitazamia atashukuru, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa. Mwisho akaketi, akasema polepole, "Kwa hiyo ni mimi peke yangu sikuona."

"Ni wewe peke yako," mama akasema, akamrudishia miwani.

Asubuhi yake hakuwepo. Wala kifungua kinywa hakula. Jirani yetu Pastory alimwona akipanda lori la kahawa la Bukoba, juu ya magunia, miwani shingoni. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nikasema yuko ufukweni mwa ziwa anagonga mbao. Siku ya tatu nikaacha kusema, nikawa nachungulia njia kila dakika, natoka naingia, nimekuwa kama yeye. Ziwa si ghuba ya kuchezea, na mtu mwenyewe hajui kuogelea.

Akarudi siku ya nne, jioni, amekauka midomo. Hakukubali hata maji. Akasema twende kwanza kwa mama, tukaenda kwa njia ya chini, ile inayopita shambani kwake.

"Nimekwenda kile kisiwa kilicho mbele ya mji," alimwambia bibi Kokwijuka. "Nimetia uso."

"Umeona nini?"

"Maji ya kijani, mama, na giza. Samaki mmoja mdogo, mweusi, akakimbia."

Mama akacheka mpaka akajifuta machoni, nami nikacheka. Kahigi naye akacheka, akiwa ameketi kwenye kigoda, miguu imetulia.

"Na mashua yenyewe," mama akauliza, "ilikuwa ya gogo au ya mbao?"

Kahigi akafikiri. Nilimwona anajaribu kweli kukumbuka.

"Mtu aliniita nikapanda," akasema. "Sikuiangalia."