Muuza nyama anayemchongea mkewe majani

Kisu kidogo kuliko vyote katika bucha la Robo hakijawahi kugusa nyama.

Urefu wake ni wa kidole. Robo amekitengeneza mwenyewe kwa kipande cha msumeno wa chuma uliokatika, na mpini wake kauzungushia mpira wa ndani wa baiskeli. Asubuhi hii saa kumi na mbili imekaribia na gari la nyama halijafika. Robo amekaa kwenye benchi nje ya mlango, magoti yamebana kipande cha mbao, anakwangua kitu chembamba kama njiti ya kiberiti. Ni kikono cha boga, kile kijiuzi kinachojisokota kikitafuta pa kushika. Anakwangua, anapuliza, anakwangua tena. Mara kinasikika: ka!

“Cha tisa hicho,” anasema bila hasira. Anaokota vipande na kuvitia mfukoni. “Ng’ombe ana mifupa, unajua pa kushika. Huyu anasimama kwa imani tu.”

Vumbi la mbao haruhusu liingie ndani. Huko ndani kuna gogo la kukatia, mizani, ndoano na vigae vyeupe vinavyopigwa maji mara tatu kwa siku. Huko yeye ni mtu wa shoka, na mwaka huu anatimiza miaka ishirini na sita ya kulishika. Jina la Robo alipewa na wateja. Hata ukienda kununua kilo tano za sherehe, swali lake la kwanza ni lile lile: “Nikupimie robo?”

Sasa mtu wa shoka anahangaika na vijiuzi vya boga kwa ajili ya nini? Jibu liko nyumbani kwake, mwendo wa dakika kumi.

Mkewe alikuwa mtu wa mimea. Nyuma ya nyumba alipanda kila kitu kilichokubali kuota, kwenye ndoo zilizotoboka na masufuria yaliyokwisha kustaafu, na ardhini akayaachia maboga yatambae yatakavyo. Miaka mitatu iliyopita presha ya macho ikaanza kumnyang’anya nuru polepole, kuanzia pembeni, kama mtu anayevuta pazia. Walikwenda kwa daktari wa macho mara saba. Pikipiki ya bucha ikauzwa. Mwisho daktari akawaambia kwa upole kwamba kilichoondoka hakirudi.

“Pikipiki sikuililia, miguu ninayo,” anasema Robo. “Nilichokiogopa ni kile kiti.”

Kiti chenyewe ni cha plastiki, kipo sebuleni karibu na dirisha. Mkewe alikikalia miezi mitano. Mlango wa nyuma akaukataa kabisa, akisema ataenda kuikanyaga mimea yake mwenyewe. Hakugombana na mtu. Hakuuliza mbona mumewe kachelewa. Mwanamke ambaye zamani alikuwa akiwaambia majirani, “Nimeolewa na robo, nikitaka kilo nzima nishtaki wapi?” akawa mtu wa “sawa” na “haya”. Robo akaona mke anampotea na yumo ndani ya nyumba.

Akajaribu kumchumia majani na kumwekea kiganjani. Mkewe aliyapapasa vizuri, lakini jioni yalikuwa yameshanyauka. Siku moja akamwomba mumewe aache, kwa sababu anamletea maiti.

Ndipo Robo alipokwenda kwa seremala jirani kuomba mabaki ya mbao. Seremala akamuuliza kama ni ya kuni. Robo akasema hapana, anataka kuchonga jani. Seremala alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, ila akampa mbao laini nyeupe na karatasi mbili za msasa.

Jani la kwanza mkewe alilipapasa akauliza ni mwiko wa sufuria ipi. La pili halifai kusimuliwa. La tatu lilikuwa jani la boga, pana kama kiganja, na lilimchukua wiki tatu. Alilipiga msasa mpaka likateleza kama kioo. Akamkabidhi mkewe, akasimama mbele yake kama mwanafunzi anayesubiri alama.

Mkewe alipitisha kidole gumba juu. Akaligeuza, akapitisha chini. Akarudia.

“Baba watoto,” akasema, “hili jani umelitoa mishipa.”

Na ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo wateja wamekuwa wakimwambia toa mishipa, toa mishipa, na mikono ikazoea kufanya kazi bila kumuuliza mwenyewe. Kila kilichotuna mgongoni mwa lile jani alikuwa amekiparua. Likabaki safi kama steki ya mgeni.

“Umelisafisha kama unaliuza,” mkewe akaendelea, na sauti sasa ilikuwa inapanda. “Litasimama na nini? Na vinyweleo vyake vinavyochoma viko wapi?”

Robo akajitetea kwamba jani la boga halichomi. Hapo ndipo mkewe alipoinuka kwenye kile kiti na kunyoosha mkono. “Nishike. Twende nikuonyeshe.”

Robo akifika hapa kwenye simulizi hukiweka kisu chini. “Anionyeshe,” anasema. “Mimi mwenye macho mawili.”

Wakatoka. Mkewe alivuka mlango wa nyuma na hasira zake, akasahau kuogopa. Alikanyaga miche miwili ya nyanya, akaiomba radhi. Kisha akainama, akapapasa, akalipata jani, akakibana kidole cha mumewe chini yake. Mishipa ilikuwa imetuna kama ya mkono wa mzee, na vinyweleo vilichoma. Robo alisemwa pale karibu saa nzima.

“Nilimshukuru Mungu,” anasema. “Kusemwa na mke ni neema, wewe acha tu. Kimya chake ndicho kilikuwa kinanimaliza.”

Leo kabati la sebuleni lina kazi arobaini na moja za mbao, kuanzia jani la mchicha hadi ganda la mbaazi lililopasuka. Kila moja imepita kwenye vidole vya mkewe kabla ya kuwekwa. Binti yao wa mwisho, fundi cherehani, anasema mama yake hukagua kuliko bibi harusi anayejaribu gauni, na kwamba nyumba imerudiwa na kelele zake. Kutoka mlango wa nyuma hadi ukuta wa uani Robo amefunga kamba, na kila asubuhi mkewe huifuata kwenda kupalilia kwa mkono.

“Miaka thelathini namlisha mboga, kumbe alidhani zinaota kwenye sufuria,” anasema mkewe huku akicheka. “Sasa ananiuliza mambo. Macho yamekwenda, sikatai. Ila nimepata mtu wa kuzungumza naye, na huyo nilikuwa naye siku zote.”

Kazi ya arobaini na mbili ndiyo inayomtoa Robo jasho. Mkewe ameagiza ua la boga pamoja na kikono chake. Kikono kitakubali siku moja. Tatizo ni ua, kwa sababu Robo hajawahi kuliona limefunguka. Ua la boga hufunguka alfajiri, na jua likishakuwa kali hujikunja. Yeye huondoka nyumbani bado giza, na akirudi hukuta limekuwa mwavuli uliofungwa. Alichonga hivyo hivyo alivyoliona. Mkewe akalirudisha: “Hili limelala. Mimi nataka lililoamka.”

“Anasema linafunguka kama mtu anayepiga miayo,” Robo analalamika. “Sasa miayo naichongaje?”

Gari la nyama linaingia. Robo anakifungia kisu kidogo ndani ya kopo lake, ananawa mpaka kwenye viwiko, anavaa aproni. Kabla ya kushusha paja la kwanza, anachukua chaki. Kwenye ubao wa bei, chini ya maini, anaandika jambo ambalo bucha hili halijawahi kuandika tangu lifunguliwe: “Alhamisi tutafungua saa nne.”

Mteja wa kwanza, mama mwenye kikapu, anausoma ubao mara mbili. Anashusha sauti na kumuuliza kama kuna msiba.

“Hapana, mama,” anasema Robo. “Kuna ua. Mke wangu anataka kunionyesha.”

Anashika shoka.

“Nikupimie robo?”