Toleo la 137

Radunka Stevanović alifika Nyumba ya Utamaduni saa nne asubuhi, Jumapili ya mvua, amevaa nyeusi tangu kitambaa cha kichwa hadi soksi. Kwapani alibana daftari la shule la marehemu mumewe. Mlangoni palikuwa na karatasi mbili: tangazo la maonyesho ya katuni ya mji wa Vrelište, ya thelathini na mbili hayo, na tangazo la kifo la mama mmoja wa mtaa wa kiwandani, lenye picha na pindo jeusi. Radunka alisoma la kifo kwanza, kama afanyavyo kila mtu wa umri wake.

Tangu mumewe Vitomir azikwe hakuwa amelia hata chozi moja. Wala si kwamba hakumpenda. Moyo ulikuwa umekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, akala chakula bila kukionja, akaitikia salamu bila kuzisikia. Majirani walishasema yao wakachoka.

Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo chake. Ngano ya kuchemsha ya kuwapa waombolezaji alishainunua, pombe ya rakia ilikuwapo, na sigara za marehemu za kuwekwa kaburini zilikuwa kwenye kabati la jikoni. Kilichobaki kilikuwa kimoja: toleo la 137 la katuni ya Kapteni Burin. Vitomir alikuwa na matoleo yote mia mbili ya nahodha huyo isipokuwa hilo. Miaka thelathini na moja alilitafuta kwenye maonyesho haya haya, na kila mwaka alirudi jioni, akavua viatu, akasema, "Si mwaka huu, Radunka." Naye akamkorogea kahawa. Sasa alitaka alipate yeye, alitie kwenye mfuko wa nailoni, aliweke kaburini pamoja na sigara, orodha ifungwe, apumzike. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Zamani, alikuwa akisimulia Vitomir, meza zilipangwa mpaka kwenye ngazi na watu wakakanyagana. Leo ukumbini zilikuwa sita, na moja haina mtu. Katikati ya ukumbi ndoo ilikinga maji ya dari. Wageni walikuwa kumi na wawili, ukimhesabu na mfagiaji. Jukwaani mchoraji aliyealikwa kutoka Niš alikuwa akijichora mwenyewe, maana foleni yake haikuwa na mtu.

"Shemeji!" Budimir, rafiki wa marehemu, aliita kutoka meza ya kwanza. Alikuwa kinyozi kabla ya kustaafu, na masharubu yake bado yalitangaza kazi. "Karibu, karibu! Boško, mpishe shemeji kiti, umekaa kama gunia la viazi."

Boško, fundi wa zamani wa kiwanda cha nguo kilichofungwa, akanyanyuka. Kuongea hakukuwa kazi yake.

"Asante. Sikai sana," alisema Radunka.

"Hata Vitomir alikuwa akisema hivyo hivyo, na hatoki mpaka tumzimie taa." Budimir akaonyesha ile meza isiyo na mtu, iliyowekwa kibao cha jina la Vitomir. "Wengine husema asiyekuwapo na lake halipo. Sisi meza yake tumeiacha. Na isitoshe, mkurugenzi ametuambia meza zikiwa chini ya sita, mwakani ukumbi wanapewa wa harusi."

Radunka alifungua daftari. Namba moja hadi mia mbili, zote zimekatwa kwa kalamu nyekundu ila moja.

"Nataka mia thelathini na saba."

Budimir alishika masharubu. Tihomir, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyekuwa meza ya pili, aligeuka kuitazama ndoo kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Hilo ni adimu, shemeji," alisema Tihomir. "Adimu sana."

"Miaka thelathini na moja mmemwambia adimu. Nalitaka la kaburini, shemeji zangu, Jumamosi. Kama mnamjua mwenye nalo, hata akiwa Trieste huko Italia, nitapanda basi."

Budimir akaanza kunyoosha rundo la katuni lililokuwa limenyooka tayari. Kisha Boško aliinama chini ya meza, akatoa sanduku la viatu, na kutoka humo akachomoa toleo la 137.

"Boško!" Budimir alifoka.

"Boško nini? Mtu amekufa, bwana!"

Budimir akashusha pumzi, akaingiza mkono kwenye begi lake, akatoa la kwake. Tihomir akatoa mawili. Mezani Kapteni Burin alisimama mara nne katika dhoruba ile ile, ameshika taa ile ile.

"Tangu lini?" Radunka aliuliza.

"Mimi tangu mwaka wa tatu," Budimir alisema, na sauti yake ilikuwa imenywea. "Shemeji, usituwekee kinyongo. Sisi wa katuni tuna ada yetu. Toleo la mwisho la kukamilisha seti hapewi mtu. Aliyekamilisha haji tena. Tulimpa Slavoljub lake, mwaka uliofuata hatukumwona. Tukampa Dragiša, naye kimya. Watu wanajifungia na seti zao, sisi tunabaki na ndoo. Tukaapa. La Vitomir tukamshikia, ili aje."

"Na yeye akirudi nyumbani mikono mitupu."

"Alirudi ameshiba bureki za nyama na amegombana na Boško," Tihomir alisema polepole. "Aliuliza mara moja tu, asubuhi. Halafu hakuuliza tena mpaka mwakani."

Radunka alitaka kukasirika. Alingoja hasira ije, haikuja. Akafunua ukurasa wa mwisho wa daftari, ambao mwaka mzima aliusoma bila kuuelewa, akamgeuzia Tihomir. Mwandiko ulikuwa wa Vitomir: *58 la ziada: Tihomir. Asipewe.*

Tihomir alisoma, akasoma tena. Akaanza kucheka, kisha akavua miwani akaifuta, na kucheka kukamwishia.

"Miaka kumi na tisa naitafuta hamsini na nane! Kumbe ada aliijua, mshenzi yule. Basi na la kwake alijua tunalo."

Radunka akawakumbuka wale Vitomir wote wa Jumapili jioni, wanavua viatu, wanasema si mwaka huu. Hakumkumbuka hata mmoja mwenye huzuni.

"Chukua, shemeji," Budimir alimsogezea. "Hili ndilo safi zaidi."

Alilishika. Lilikuwa jepesi. Peni nyekundu ilikuwa kwenye mkoba wake; kumkata Vitomir kwenye orodha lingekuwa jambo la sekunde moja. Akalirudisha mezani.

"Rudisheni chini ya meza, yote manne."

"Na kaburini?" Budimir aliuliza.

"Nitampelekea sigara."

Akaenda kukaa kwenye meza yenye kibao cha mumewe, mkoba mapajani, daftari mbele yake, akakaa hapo mpaka saa tisa. Boško alimletea bureki bila kuombwa. Tihomir alimzungukazunguka, hatimaye akainama.

"Shemeji, ile hamsini na nane yangu... bado iko nyumbani kwako?"

"Adimu sana hiyo," alisema Radunka. "Uje mwakani uulizie."

Jumamosi padri alisoma sala zake akaondoka, na jamaa wakateremka langoni kula ngano. Radunka alibaki nyuma. Alimwaga rakia kidogo juu ya udongo, akawasha sigara moja, akaichomeka penye msalaba iungue yenyewe.

"Si mwaka huu, Vitomir," alimwambia.

Hapo ndipo alipolia.