Pojo Ndiyo, Ndengu Hapana

Mimi ni mtu wa kuwasahihisha wenzangu Kiswahili hata matangani. Nimezaliwa Mtopanga, huku pwani, nikakulia Mtopanga, na bara nimekwenda mara chache, tena kwa shingo upande. Basi mama alipoanza kuumwa magoti, akashindwa kukaa kibandani kuuza mboga na nafaka, nikamwambia atulie nyumbani, nitamtengenezea duka la mtandaoni. Wateja waagize, bodaboda wapeleke. Riziki nyingine hana.

Mteja akiandika anachotaka, mashine ya duka huyatenganisha maneno, halafu kila neno hupitishwa kwenye vichujio. Kimoja hutupa ya pembeni: naomba, tafadhali, hata shikamoo, maana watu wetu huiamkia hata mashine. Kingine ni cha visawe. Unakiambia kwamba neno hili na lile ni kitu kimoja, ili mteja akiandika lolote kati ya hayo apate mzigo wake.

Hapo kwenye visawe ndipo kiburi kiliponipanda. Watu wa bara pojo, zile punje ndogo za kijani, huziita ndengu, na mnavu, ile mboga ya majani, huuita managu. Nilijua fika. Lakini niliona nikiyaingiza maneno hayo nitakuwa nimekichafua Kiswahili cha Mvita, mimi mlinzi wake niliyejiteua. Nikaingiza ya kwetu tu. Hao wengine watajifunza, nikasema.

Nani ajifunze? Wafanyakazi wa bandarini kule Changamwe, wengi wao watu wa bara, waliandika ndengu, wakajibiwa "Hakuna", wakaenda zao. Mmoja alipiga simu, nikamwelekeza kwa upole wa mwalimu: "Andika pojo, ndugu yangu." Akanikatia. Huku nyumbani mnavu unanyauka ndooni, na mama ananiuliza kama watu wa siku hizi wameacha kula mboga. Nikamwambia soko limekuwa gumu. Sina haya mimi.

Asubuhi moja akaniomba simu, ajaribu duka lake mwenyewe. Mama ni Mgiriama, aliletwa Mtopanga na ndoa, na ile mboga chungu tuiitayo mchunga, kwake haijawahi kuwa mchunga. Akaandika polepole, kwa kidole kimoja: mutsunga. Fungu lake bichi lilikuwa pale pale mapajani, analichambua. Duka langu likamjibu: "Hakuna."

Nilingoja anicheke. Hakucheka, alilisoma jibu lile mara ya pili kwa sauti. Wakati huo huo jirani akabisha hodi, anataka mboga ya mchana, jicho lake liko kwenye lile fungu.

"Leo hakuna, jirani," mama akamwambia. "Mwanangu amesoma, na duka lake limesema hakuna."

Akalifunika fungu kwa leso, akanirudishia simu. Hadi leo sijui kama alikuwa akinitania. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake, uso umenishuka, nikafungua kile kichujio na neno la kwanza nililoliingiza likawa mutsunga.